Goti la Lemuel Thackston

Lemuel Thackston, tunayemzika hapa Hollow Creek, alizaliwa katika shamba hili tarehe 9 Machi 1718, mtoto wa tatu wa Josiah na Dorcas Thackston.

Alifundishwa kusoma na mchungaji wa parokia, kisha akasomea sheria mjini Williamsburg. Alianza uwakili mwaka 1743 huku akilima tumbaku. Tarehe 2 Juni 1746 alimwoa Keziah Rudd, ambaye hakuwahi kumshinda kwa hoja wala kushindwa naye.

Mwaka 1755 wilaya ya Ashlow ilimchagua kuingia Baraza la koloni. Miaka kumi baadaye, Mfalme alipoleta kodi ya stempu juu ya kila karatasi, wajumbe wenzake walinyamaza. Akawaita kuku wa Gavana. Baraza likaamuru aombe radhi kwa magoti.

“Piga goti tu, Bwana Thackston, mambo yaishe,” Spika alimsihi.

“Magoti yangu ni ya Mungu, Mheshimiwa. Na la kushoto lina jongo. Hata Yeye hulisubiri.”

Wakacheka, wakamfukuza. Uchaguzi ukarudiwa. Mpinzani wake, Kanali Bascombe, alileta pipa la ramu. Marehemu hakumnunulia mtu hata tone. Zamu ya Enos Crabb, mhunzi, ilipofika, alijifuta mdomo mbele ya msimamizi wa uchaguzi.

“Kura yako?”

“Ramu ya Kanali tamu, ahsante. Kura ni ya Thackston! Wakimfukuza, tutamrudisha. Tuone nani atachoka!”

Alifukuzwa mara mbili, akarudishwa mara mbili.

Mwezi uliopita, jongo na homa vikiwa vimemlaza, Spika alimletea karatasi: akitia sahihi ya kuomba radhi, aibu ya kufukuzwa ingefutwa katika kumbukumbu za Baraza.

“Mke wangu, nipe kalamu,” alisema.

Mama Keziah alimpa. Marehemu akaandika neno moja: “La.” Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Oktoba 1771.

Kweli nyingine haifichwi hapa. Mtu huyu aliyekataa kuinama dakika moja aliwainamisha wengine maisha yao yote katika tumbaku yake, na hakuwaacha huru. Kwa hilo sasa anajibu mbele ya Mungu.

Ameacha mjane, Keziah, watoto Obed, Tamar na Philemon, wajukuu saba, na watumwa thelathini na mmoja, mkubwa wao Mzee Mingo.

Aliagiza mtu yeyote asipige goti kaburini pake. Basi tusimame sote. Nawe Mzee Mingo, nanyi nyote mlio nje ya ua, ingieni msimame hapa mbele.

Apumzike kwa amani.