Gari la Crispin Halijanyweshwa

Kijiwe chetu kiko Musinzira, hapa Gitega, Burundi, ubavuni mwa karakana ya Crispin ya kuchomelea mageti. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na mbele yake meza ya Marceline, mama wa Uvira, Kongo, anayeuza kahawa ya tangawizi na asiyependa mtu anywe kikombe kimoja halafu akae kutwa nzima. Zamani tulibishana juu ya kila kitu. Tangu Crispin alete gari lake tunabishana juu ya gari tu, na sioni haya kusema kwamba tumelipenda kuliko tunavyowapenda baadhi ya shemeji zetu. Ni gari refu la Kijerumani, limetumika huko Ulaya, likashuka Dar es Salaam na kuingilia mpaka wa Kobero. Rangi ya majivu, viti vya ngozi, nyuma pana mtu anaweza kutandika godoro, na magurudumu yote manne yanavuta. Tangu lifike limeegeshwa pale pale mbele yetu, na kila asubuhi linaogeshwa kuliko mtoto wa kwanza.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Tulikuwa wanne pale: mimi, Marceline na kahawa yake, Ignasi, muuza maharage tunayemwita Kambi, kwa sababu kama mimi alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kila hadithi yake inaanzia huko, na Bashizi, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, tunayemwita Duwani, yaani forodha, maana hakuna mpaka ambako hajagombana na watu wake. Crispin mwenyewe alikuwa anapangusa kioo cha pembeni kwa kile kitambaa laini cha kufutia miwani.

Ignasi: Kijana, hebu liinue kidogo. Bila hivyo kahawa hainipiti kooni.

Crispin hakungoja kubembelezwa. Akaingia, akawasha, akabonyeza kitufe chake. Gari likajiinua taratibu, kama mama anayekunja kitenge kabla ya kuvuka maji, likatulia huko juu. Tukaweka vikombe chini kwa heshima.

Ignasi: Aisee. Yaani limesimama lenyewe.

Bashizi: Ile ni hewa, mzee. Chini ya kila gurudumu kuko mufuko ya hewa. Na zile gurudumu zinasemezanaka. Moja ikiteleza inaambia zingine: mi niko nateleza, mushike ninyi.

Marceline: Zinasemezana na luga gani?

Bashizi: Kijerumani. Unataka ziseme Mashi, luga ya kwetu?

Marceline: Mi sijue ya gurudumu. Mi najua kiti. Jana nilikaa mbele pale, kikaanza kunichoma mugongo pole pole, vizuri kabisa. Ile maumivu nilitoka nayo Uvira ikaisha.

Mimi: Ulikaa muda gani?

Marceline: Mpaka Crispin aliniambia nishuke.

Ignasi: Kiti kile kinampima mtu. Kinajua kama una kazi au huna. Mimi nilipokaa hakikupata moto hata kidogo.

Crispin: Mzee Ignasi, hukuwasha kitufe.

Ignasi: Ndiyo hicho nasema. Wenye kazi zao hawawashi vitufe.

Marceline akaongeza kahawa bila kuulizwa, ishara kwamba mazungumzo yanampendeza na kwamba kila kikombe atakidai.

Bashizi: Mais hiyo bado ni kidogo. Ile gari inasikiaka. Kule Bukavu kulikuwa baba moja, alikuwa na ndugu ya hii, nyeusi. Siku moja amekaa ndani, anaongea na telefone, anasema: hii gari nitaiuzisha. Kesho yake haiwaki. Analeta fundi, fundi anafungua, kila kitu iko bien. Haiwaki.

Ignasi: Betri.

Bashizi: Betri ya mupya, mzee. Donc bibi yake akaja na kitambaa, akaipanguza, akaiambia: pole, baba alikuwa na hasira, haupelekwi fasi, hauuzwi. Ikawaka.

Ignasi: Hiyo naiamini. Mimi nilikuwa na rafiki kule njia ya Mutoyi, gari lake lilikuwa dogo kuliko hili, na lilikuwa linazimika Jumapili mbele ya kanisa. Kila Jumapili. Mtu anataka kwenda kwenye mpira, gari linamshusha kwenye misa.

Mimi: Na Jumatatu?

Ignasi: Jumatatu linakwenda kama swala. Mwisho akarudi komunyo mwenyewe, akasema hawezi kushindana na chombo cha Wajerumani.

Ningeweza kukaa hivyo mpaka jioni. Lakini kuna jambo lilikuwa linanikera tangu siku nyingi, na kila nikilitazama lile gari linavyong'aa, linanikera zaidi. Crispin alituambia mwenyewe, siku alipolileta, kwa nini amelinunua hilo na si kigari kidogo kama wenzake. Mama yake, Emiliana, yuko Gasorwe, mkoani Muyinga, juu ya kilima ambacho mvua ikinyesha hata pikipiki inasukumwa. Nyonga imemharibikia, kutembea hawezi, na pikipiki hawezi kuikalia. Crispin amemjengea chumba kizuri nyuma ya karakana, na choo humo humo ndani. Alitafuta gari lenye nguvu ya kupanda kule na ulaini wa kumshusha mgonjwa bila kumtikisa. Alichagua sawasawa kabisa. Chumba kimekwisha, gari lipo, na mama bado yuko kilimani.

Mimi: Crispin, mama analetwa lini?

Akaendelea kupangusa kioo ambacho hakikuwa na kitu.

Crispin: Nitakwenda. Mafuta ninayo, nililala foleni kuyapata. Ni hii mvua tu.

Mimi: Si ulinunua gari la mvua?

Crispin: Kaka, wewe hujui. Siku ile natoka nalo Kobero, tumekaribia Karuzi, taa ya njano iliwaka hapa mbele. Ikawaka, ikazima. Fundi anasema ni mfuko wa hewa unataka kuchoka. Kifaa chake hakipo Gitega, hakipo Bujumbura. Sasa chukulia unapasuka pale mlimani, gari linalala tumbo kwenye tope, kilima kizima kimetoka kuangalia. Pale niliondoka na baiskeli ya kuazima. Wanasema Crispin amefanikiwa. Nirudi nikavutwe na ng'ombe?

Kila mmoja wetu ana kilima chake ambako hataki kuonekana vibaya, na nilimhurumia kweli.

Bashizi: Na zaidi, haiwezi kuenda juu haiyanyweshwa. Gari mupya, safari ya kwanza ya nguvu, haujaiarozé, haujainywesha? Unatafuta malheur, bahati mubaya.

Hili ni la kueleza. Kwetu mtu akinunua kitu kikubwa, nyumba au gari, lazima akinyweshe. Anaita watu, wanakunywa, tone kidogo linamwagwa kwenye gurudumu, na hapo ndipo kitu kinakuwa chake. Gari ambalo halijanyweshwa ni kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

Marceline: Ni kweli. Ata pikipiki ya Shafii wa jirani, hakuinywesha, ikaibiwa na ndugu yake mwenyewe.

Ignasi: Basi linywesheni leo. Mimi nipo.

Crispin: Haiwezekani, mzee. Nimeshaahidi. Sisi nyumbani kitu hakinyweshwi kwa bia ya chupa. Ni impeke, pombe ya mtama, mtungi katikati, watu na mirija yao, na mrija wa kwanza ni wa mama. Mama hajaushika, hakuna mwingine anayeshika.

Ignasi: Hapo umesema neno. Mzazi kwanza.

Bashizi: Mzazi kwanza. Mi nakubali.

Marceline: Bila mama ni dharau.

Mimi pia nilitikisa kichwa. Jambo lilikaa vizuri, lina heshima ndani yake. Gari haliwezi kupanda Gasorwe kabla ya kunyweshwa. Haliwezi kunyweshwa kabla mama hajashika mrija. Mama hawezi kushika mrija mpaka gari limpandie. Tulilizunguka hilo kwa kahawa nzima, tukilisifu, na Ignasi akasema kwamba vijana wa siku hizi wangekuwa na adabu kama ya Crispin nchi ingetulia. Crispin alisimama pale na kitambaa chake, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Hapo ndipo akatokea mtu kwenye barabara ya kituo cha mabasi. Mwanamume wa makamo, mwembamba, koti limelowa mabegani, viatu vya mpira vyenye tope jekundu mpaka magotini. Akatuamkia wote, mmoja mmoja, akamgeukia Crispin.

— Mimi ni Venansi, mtoto wa Leonardi, yule jirani wa mama yako wa upande wa chemchemi. Hunikumbuki. Tulikuwa wote kule kambini, lakini wewe ulikuwa mdogo.

Crispin: Karibu, kaka. Mama mzima?

— Mzima. Ila nyonga haimwachi alale. Ndiye aliyenituma.

Marceline akampa kikombe. Venansi akakishika kwa mikono miwili, akakaa ukingoni mwa ubao, akalitazama gari. Alilitazama kwa muda, kuanzia taa za mbele hadi nyuma.

— Ndilo hili?

Crispin: Ndilo.

— Ni zuri. Ni zuri kweli. Mama anatuhadithia kila siku. Wanaokuja kumsalimia wote anawaambia, mwanangu amenunua gari la kunichukua. Anasema linapanda lenyewe.

Bashizi: Inapanda. Gurudumu ine zote.

— Basi nimekuja kwa jambo dogo. Sisi wa kikundi cha ingobyi tumekubaliana kumbeba.

Kama kuna asiyejua, ingobyi ni ile machela ya miti na matete ambayo watu wa kilima wanambebea mgonjwa mabegani, wanne wanne wakipokezana. Kila familia inatoa mwanamume. Atakayekataa leo, siku yake hatabebwa.

— Mama hataki kukusumbua, akasema Venansi. Anasema gari lisichafuke bure, sisi tumteremshe tukutane nalo. Wanaume wameshaahirisha shamba. Sasa kinachotushinda ni kimoja tu. Tumbebe mpaka wapi? Kanisani? Sokoni? Au mpaka kwenye lami? Kila mtu ana lake. Mwisho wakasema hili si la simu, nije niulize wenyewe wenye gari.

Akanywa kidogo, akatutazama wote kwa adabu.

— Gari linafika wapi?

Ignasi akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho nina hakika hakikuwemo. Tulijua lugha ya magurudumu yake, tulijua tabia ya viti vyake na ndugu zake wa Bukavu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia mtu huyu mahali pa kumtua mama mgonjwa.

— Kama halijulikani si kitu, akasema Venansi. Tutambeba mpaka lami. Ni mbali kidogo na njia inateleza, na juzi wenzetu walianguka na mgonjwa, lakini tutakwenda pole pole.

Crispin alikunja kile kitambaa, akakiweka mfukoni. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilipomwangalia niliona kwamba ile aibu aliyokuwa anaiogopa ya kilima imekwisha kumfika hapa hapa, kwenye ubao wetu, mbele ya kahawa.

Crispin: Una simu?

— Ninayo.

Crispin: Wapigie wenzako. Waambie mama wasimwinue. Wamwache kitandani mpaka wasikie honi mlangoni.

Venansi akatoa simu, lakini hakubonyeza kitu. Alikuwa mtu wa kilima, na mtu wa kilima hapeleki ujumbe nusu.

— Na honi isiposikika?

Crispin akamfungulia mlango wa mbele. Venansi akainama avue vile viatu vya tope, Crispin akamshika mkono, akamkalisha navyo vile vile kwenye ngozi.

Crispin: Isiposikika, waambie kwenye machela yao waniachie mti mmoja niubebe. Nitafika kwa miguu.