Mwalimu Jokébed Kahongya, Aliyekubali Kungojea Jina la Ugonjwa Wake

Mama tunayemsindikiza leo, Jokébed Kahongya, alizaliwa Vuhovi tarehe 9 Mei 1974, mtoto wa tatu wa mzee Ézéchias, mkulima wa maharagi, na mama Anne-Marie.

Alisoma shule ya msingi kwao, kisha akapata diplome ya ualimu Musienene mwaka 1994. Miaka ishirini na saba alifundisha darasa la kwanza Bulengera. Watoto waliotoka mbali bila kula aliwawekea viazi vya kuchemsha ndani ya meza yake. Aliwaambia, "Mukuje munisaidie kuonja, sijue kama vimeiva." Hakuna mtoto aliyeona haya.

Tarehe 17 Agosti 1996 aliolewa na Jéthro Kataliko, seremala. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwaka 2021 alianza kutokwa na maji kama ute kwenye njia ya uzazi, yasiyoisha. Vipimo vya kawaida havikuonyesha kitu, na dawa hazikusaidia. Baadaye madaktari walimwona na uvimbe kwenye kizazi, siku ya kumpasua ikapangwa. Docteur Gamaliel, aliyekuwa amefika kutoka Beni, akaomba wangoje kwanza.

"Docteur, mumupasue tu," Jéthro alimwambia. "Bibi yangu anaisha."

"Papa, siwezi kupasua kitu yenye sijajua jina yake. Tukikosea, hatutapata mara ya pili."

Jokébed mwenyewe ndiye aliyekata neno: "Tungoje. Ni mwili yangu."

Kipande kidogo kilitolewa ndani kabisa ya mlango wa kizazi, kikapelekwa Kampala kupimwa. Wiki tano alingoja huku akifundisha, na machozi aliyafutia jikoni. Jibu likaja: kansa ya aina adimu, inayojificha juu, ambako vipimo vya kawaida havifiki vizuri. Upasuaji mdogo uliopangwa usingetosha. Februari 2022 alifanyiwa ule mkubwa, Kampala.

Ulimpa zaidi ya miaka mitatu. Alimwona mtoto wake Ornella akianza kazi ya uuguzi Beni, akambeba mjukuu. Kanisani aliwaambia wamama, "Wakisema hakuna kitu, na mwili inakatala, muulize tena."

Ugonjwa ulirudi Aprili 2025. Alifariki tarehe 3 Oktoba, saa nne asubuhi, kichwa chake mkononi mwa Jéthro. Kabla ya kukata roho alimwuliza, "Ulikula?"

"Nilikula," Jéthro akajibu. Hakuwa amekula tangu juzi.

Ameacha mume, watoto Ornella, Élysée na Providence, mjukuu mmoja, mama yetu Anne-Marie, na mimi mdogo wake, Abdias, ninayesoma haya.

Dada, Bwana aliyekupa pumzi akupe sasa pumziko.