Bi Sikio na Sahani Iliyokimbizwa

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, familia imeniomba mimi, shemeji yake marehemu, niwasomee maisha yake kama yalivyoandikwa na mume wake, ambaye mkono umemtii lakini sauti imemkatalia, nami nitayasoma bila kuongeza wala kupunguza.

Marehemu, ambaye kazini mlimwita Bi Sikio na nyumbani tulimwita Mama tu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, akiwa kitindamimba wa watoto watano wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya duka la baba yake, nyumba iliyojaa mlio wa cherehani mchana kutwa, na jioni ikajaa mlio wa saksafoni ya kaka yake, mtoto wa kwanza wa familia, aliyemzidi miaka kumi na kumbeba mgongoni kabla hajajua kumwita kaka.

Kaka huyo nyumbani aliitwa Kobe, kwa sababu hakuwa na haraka na jambo lolote chini ya jua, alikula taratibu, alivaa taratibu, na mama yao alizoea kusema kwamba mwanawe huyu akitumwa chumvi, chakula kitaliwa chapwa. Saksafoni nayo aliipiga vivyo hivyo, sauti moja akiivuta mpaka iishe yenyewe, kisha kimya, kisha nyingine, na marehemu, aliyelala upande wa pili wa pazia, alizoea kusinzia kwa muziki huo tangu utotoni, hata akaujua kama mtu anavyojua nyayo za watu wa kwao.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963, akasoma sekondari ya wasichana kuanzia 1970 hadi 1973, na baada ya mwaka mmoja wa kumsaidia baba yake kutia vifungo na kupiga pasi nguo za wateja, alijiunga na chuo cha ufundi Januari 1975, akiwa msichana pekee katika darasa la mitambo ya sauti. Siku ya kwanza mwalimu wa karakana alimwambia, "Binti, darasa la ushonaji liko jengo lile," naye akamjibu, "Ushonaji nimemwachia baba, mwalimu, hapa nimefuata nyaya," na tangu siku hiyo hakuonyeshwa tena jengo lolote. Alihitimu stashahada mwaka 1978.

Ni katika mwaka huo wake wa kwanza chuoni, Jumanne tarehe 19 Agosti 1975, kaka yake na wenzake wanne waliingia studio na kurekodi kwa siku moja albamu ya muziki wa jazi, vipande sita, bila mwimbaji, muziki wa kukaa na kusikiliza, nayo ikatolewa nakala mia tatu tu kabla kampuni iliyoitoa haijafunga milango. Sahani ya santuri ilipoletwa nyumbani na kuwekwa kwenye gramafoni, watu walipiga makofi na vigelegele, lakini marehemu alikunja uso akauliza, "Mbona wamemkimbiza kaka?" Baba yao alicheka, akasema, "Mtazameni, kaanza chuo juzi, leo anaisahihisha studio." Kaka mwenyewe alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu jamaa anajua kweli, siku moja mnikutanishe naye."

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, la aina inayotokea studio tu. Gurudumu la mpira linalovuta utepe katika mashine ya kurekodia lilikuwa limelika, likateleza siku nzima bila mtu kuona, utepe ukapita polepole kuliko ulivyopaswa, na ulipochezwa kwenye mashine nzima, kila kitu kikatoka kwa kasi zaidi na kwa sauti ya juu zaidi, si sana, kiasi cha kumfanya mtu anayetembea aonekane anakimbia. Aliyeisikia sahani bila kumjua Kobe hakuwa na sababu ya kushuku chochote, alisikia tu mpigaji mwenye vidole vya ajabu.

Sahani hiyo ilimpa kaka yake jina jipya, Upepo, na jina hilo likawa mzigo wake. Kila ukumbi alioalikwa walimtaka Upepo wa kwenye sahani, na alipopiga kama alivyozoea, walimpigia kelele, "Upepo, vipi leo, umeshiba sana?" Kwa miaka minane alipiga akikimbizana na sahani yake mwenyewe, akarudi nyumbani shati limeganda mgongoni, hana hamu ya chakula wala mazungumzo, na tarehe 14 Novemba 1983 alifariki kwa ugonjwa wa kifua, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Hatusemi kwamba sahani ndiyo iliyomuua, madaktari waliandika kifua na hatuna ushahidi zaidi ya huo, lakini mjane wake, wifi yake marehemu, ambaye ndiye aliyeyafua mashati yale, ana maoni yake, na ana haki nayo.

Marehemu aliajiriwa kituo cha redio mwaka 1978 kama fundi sauti, akapanda hadi kuwa mkuu wa maktaba ya sauti, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Wenzake walisema Bi Sikio anasikia hata unapofikiria kuomba ruhusa, na mtangazaji mmoja aliyekuwa na mazoea ya kutafuna karanga kabla ya taarifa ya habari aliwahi kupokea simu kutoka chumba cha pili, "Kaka, imebaki moja, jino la nyuma kushoto." Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakupenda kusifiwa kwa kusikia, alisema watu wote wanasikia, wengi hawana muda.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Mei 1984, katika sherehe ndogo isiyo na muziki, kwa ombi lake, kwa kuwa msiba wa kaka yake ulikuwa bado mbichi. Aliolewa na mhadhiri wa takwimu asiyeweza kutofautisha tarumbeta na honi ya lori, na wageni walipomtania, alisema amemchagua makusudi, kwani nyumba moja inatoshwa na masikio mawili yanayosumbuka. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye leo ni mfamasia, na mvulana aliyezaliwa 1989, ambaye ni fundi majokofu, na marehemu ameacha wajukuu watatu, ambao aliwafundisha kufunga milango bila kelele.

Mwaka 2009 redio ilipohamia jengo jipya, aliukuta utepe wa awali wa albamu ile, iliyorekodiwa studio za redio hiyo, nyuma ya makabati, ndani ya boksi lililolowa na kukauka mara nyingi. Aliomba ruhusa ya kuutibu, akaukausha katika oveni ya jikoni kwetu kwa moto mdogo, jinsi mafundi wanavyofanya kwa tepe zilizoanza kunata, na kwa siku hizo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa hata kupasha mkate. Alipousikiliza, hakwenda moja kwa moja kwenye saksafoni, alisikiliza kimya kilicho kati ya kipande na kipande, ambamo mna mvumo mwembamba wa umeme wa jengo, mvumo ambao mafundi wanaujua kimo chake, na mvumo ule ulikuwa juu kuliko unavyopaswa. Hapo akapata kipimo cha alichokisema mbele ya baba yake miaka thelathini na minne kabla. Akaanza kuurudisha muziki kwenye mwendo wake, kipande kwa kipande, kwa sababu gurudumu lile halikuteleza sawasawa, na kazi hiyo ilikula jioni zake kwa miaka.

Wakati huohuo, sahani ilikuwa imepata wapenzi nchi za mbali. Wapo watu wanaokusanya sahani za zamani za jazi, na kila mwaka huulizana ni albamu zipi zilizosahauliwa wangependa zitolewe upya kwenye CD, na kila mwaka Upepo alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Mkusanyaji mmoja, daktari wa meno aliyestaafu, ambaye amesafiri kuja hapa na ameketi nasi, ndiye aliyeipata kampuni ya kuitoa. Marehemu alipomweleza kwa simu kuhusu mwendo, alisikitika kweli, akasema, "Mama, miaka yote tumempenda alivyo, leo unatuletea mtu mwingine?" Marehemu akamjibu, "Baba, mtu mwingine ndiye huyo mliye naye." Walibishana kwa heshima kwa muda mrefu, na daktari, tumpe sifa yake, alikubali, na kampuni ikakubali, ikabaki sahihi ya mrithi, yaani wifi.

Wifi alikataa. Ilikuwa mwaka 2016, sebuleni kwake, chai ikiwa mezani, na maneno yake yanaandikwa hapa kwa idhini yake. Alisema, "Wifi, mume wangu alijimaliza ili afanane na ile sahani. Leo unataka kuwaambia watu kwamba alikuwa anakimbizana na mashine mbovu? Mimi usiku niliomkanda kifua, nilikuwa nakanda nini?" Marehemu alisema anataka watu wamsikie alivyokuwa. Wifi akasema, "Wewe unataka kuwa sahihi." Chai ikapoa. Tangu hapo walisalimiana misibani na harusini, wakaulizana afya za watoto, wakaishia hapo, watu wawili waliowahi kusukana nywele kwenye ngazi moja, na marehemu hakuwa tayari kuitoa albamu ikiwa inakimbia, wala wifi hakuwa tayari itoke kwa mwendo mwingine. Ulibaki mkono mmoja tu wa kutia sahihi, na jambo hilo lilimchosha marehemu kuliko lilivyomkasirisha.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021, na kuanzia Machi 2022 alikwenda hospitali mara tatu kila wiki kusafishwa damu. Alibeba kazi yake, kompyuta ndogo na hedifoni, akaketi kwenye kile kiti kirefu, mashine upande wake, akiendelea kusahihisha, na wauguzi walimuuliza anasikiliza mahubiri ya nani yasiyokwisha.

Siku moja ya Februari mwaka huu, wifi alifika wodini na chupa ya chai. Hakueleza kilichomleta na hakuulizwa. Walikaa. Kisha marehemu akavua hedifoni, akamwekea wifi yake mkononi bila kumwomba, wifi akaivaa, marehemu akabonyeza, na kwa muda wote wa kipande cha kwanza wifi hakusogea, mkono wake ukiwa juu ya chuma cha kiti. Kilipokwisha alisema, "Anavuta pumzi." Akasikiliza tena. Akasema, "Huyu ndiye aliyenioa."

Marehemu akamwambia, "Basi tia sahihi, wifi yangu."

"Sitii," alisema wifi. "Yule wa kwenye sahani walishamchukua, wakamtumia, wakanirudishia ganda. Wabaki naye, ni wao. Huyu hawamjui, hawakumfulia, hawakumngoja. Huyu ni wangu na wako. Watu hawana haki naye."

Muuguzi alikuja kutazama mashine, akaenda. Mume wake, aliyekuwapo, alitegemea mabishano, kwa kuwa ilikuwa kazi ya miaka kumi na mitano, na yeye aliyeifanya alijua vizuri kwamba hana miaka mingine. Marehemu akasema, "Haya, mchukue." Wiki iliyofuata alimaliza kipande cha sita, akatengeneza CD moja, akafuta nakala zake zote kwa mkono wake, na utepe akaurudisha maktaba, mahali ambapo yeyote atakayeucheza atamsikia Upepo. Ndani ya gari, siku ile ya wodini, alisema neno moja tu kuhusu mambo hayo. Alisema wifi alivaa hedifoni kinyume, ya kulia kushoto, tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakumwambia, alisema, "Alikuwa anasikia."

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Mei, moyo nao ukachoka, akalazwa, na Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akatutoka, mume wake, binti yake na wifi yake wakiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao kwa miaka miwili walimchoma sindano huku wakimwomba radhi, inawashukuru wafanyakazi wa redio kwa usafiri na viti, na majirani waliopika, waliofagia, na waliokaa nasi bila kusema kitu, jambo ambalo yeye angelithamini kuliko yote. Inamshukuru daktari wa meno na wenzake kwa salamu zao, na kwa kuwa wengi wao, kwa upole, wameulizia hatima ya albamu, tunaona ni haki wapate jibu mbele ya mwenyewe. Ndiyo, imetolewa kwenye CD. Imetolewa nakala moja. Mwenye nakala hiyo ameketi mstari wa mbele, huicheza jikoni kwake asubuhi akiosha vyombo, na tunawaomba kwa heshima msimwombe.

Mke, mama, bibi, wifi, kazi yako tumeiona imekamilika. Pumzika sasa, amani iwe nawe.