Vichwa vya Alizeti Visikatwe

Sogeeni wanangu, mnisikilize vizuri, kwa maana sauti yangu imebaki ya kunong'ona na maneno haya sitaweza kuyarudia.

Cherehani nampa binti yangu, aliyelelewa chini yake nikishona sare za shule. Nyumba ni yako, kifungua mimba wangu, fundi magari. Lakini bustani usiimwagie zege uegeshe magari ya watu. Najua unasema, "Mama, pale pamejaa majani makavu tu." Hata jirani mwenye duka aliniita Mama Vichaka miaka kumi na miwili, nami nikacheka naye, nikamshonea mapazia yakatoka yamepinda. Mungu anisamehe, hayakupinda kwa bahati mbaya.

Nilipofika hapa palikuwa kifusi kitupu, hata kunguru hakutua. Nikapanda alizeti na mtama, mchicha nikauacha uzae mbegu, na mforsadi nikauweka pembeni ya choo. Ua likikauka sikulikata, kwa sababu bustani ya watu huishia maua yanaponyauka, na ya ndege ndipo huanzia. Leo chiriku wanaamsha mtaa mzima, na yule mwenye duka huleta kiti chake ukutani kwangu kuwasikiliza!

Nawe mkwe wangu, usijifiche nyuma ya mumeo. Juzi ulitaka wageni wanaokuja kunijulia hali wakute pasafi, ukakata vichwa vyote vya alizeti ukavitupa jalalani. Ndege wakaja, wakazunguka mashina matupu, wakaondoka. Lakini kwa dirisha hili nilikuona, mtoto mgongoni, ukiviokota kimoja kimoja na kuvifunga tena kwenye mashina kwa uzi wangu mweusi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mafundo yako mabaya, mama, mabaya kweli. Ila chiriku wamerudi. Nimeshona miaka arobaini, sijaona mshono wa kujivunia kama ule.

Basi bustani ni yako, na mumeo asiulize kwa nini. Wewe kosa umeshalifanya ukalirekebisha. Wenzako bado hawajalifanya.

Mbegu zimo kwenye mkebe wa vifungo. Mvua ya kwanza... pandeni. Pendaneni, na mikono yenu isikose cha kugawa.

Niinueni kidogo. Fungua pazia, mkwe wangu. Zaidi... Hao, wamekuja. Wahesabu wewe. Mimi... nimeshiba.