Martina Alivyoanguka Uturuki, Sisi Tuko Maili Moja

Kijiwe chetu kiko Maili Moja, Kibaha, ubavuni mwa kibanda cha fundi simu, benchi moja refu ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Muuza kahawa ni mimi, Zahoro. Fundi mwenyewe ni Yahya, tunamwita Antena, maana hakuna mtandao asioudaka. Yupo Katiba, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye hata ukipiga chafya anakutajia kifungu. Na yupo maalimu Khalfani wa Msimbu, huko Kisarawe, aliyefundisha madrasa miaka thelathini. Huyo ni Kamusi. Jumapili hiyo, saa tisa alasiri, akaja mzee Nyanda, mfugaji kutoka Gwata, kavaa koti la harusini na jua lote lile. Binti yake Martina yuko Uturuki mwaka wa pili sasa, anacheza mpira wa kulipwa, na mzee hajawahi kumwona akicheza huko hata dakika moja. Runinga za kwetu ligi ile hazionyeshi. Antena alikuwa amemwahidi.

— Shikamoo mzee. Kaa hapa katikati. Leo unamwona mwanao laivu, ananukia kabisa.

— Marahaba, mwanangu. Bonyeza basi.

Antena akaiegemeza simu kwenye birika langu, akabonyeza. Kioo kikaandika kwamba matangazo hayo hayapatikani katika nchi yetu.

— Msishtuke, akasema. Ndiyo kazi ya VPN. Tunaifanya simu ionekane iko Uturuki, basi.

— Ionekane? Katiba akaweka kikombe chini. Huo ni udanganyifu. Na serikali ilishasema mwenye hiyo VPN ajiandikishe.

— Nimejiandikisha, mzee Katiba. Kausha.

— Umejiandikisha hapa. Na huko je? Simu imeingia nchi ya watu bila pasi. Ikikamatwa, anafungwa nani?

Kamusi akakohoa.

— Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako.

— Chongo limeingiaje hapa, maalimu?

— Limepita mlango uleule iliopita simu.

— Ngoja kwanza, Katiba akasema. Simu iko Uturuki, mkono wa Antena umeishika. Sasa mkono uko wapi? Akiikwaruza simu ya jirani huko, kesi inasikilizwa Kibaha au kwao?

— Hilo dogo, akasema Kamusi. Mimi nawaza swala. Adhana ikilia humo ndani ya simu, tunasimama au tunangoja ya Maili Moja?

— Na mimi nikimwita, akauliza mzee Nyanda, atanisikia?

Hakuna aliyecheka. Antena akachagua bendera nyekundu yenye mwezi na nyota. Duara likazunguka, likazunguka, halafu uwanja ukafunguka, majani mabichi mpaka unataka kuyalisha ng'ombe.

— Yule! Namba kumi na nne! Antena akaruka. Mzee, yule pale!

Mzee Nyanda alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Amenyoa nywele. Jamani, Martina amenyoa nywele. Mbona amekonda hivi? Na wale watu wote jukwaani, wamekuja kumwangalia Martina?

— Wamelipa kiingilio kabisa, mzee.

— Martina wangu? Aliyekuwa anapiga chenga katikati ya ndama?

Hata Katiba alivua kofia. Martina alikuwa anakimbia kama mtu anayejua anakokwenda, na kila akigusa mpira sisi tunagongana mabega. Nadhani tulikaa dakika ishirini nzima bila ubishi, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nianze kuuza kahawa.

Halafu ikapigwa krosi. Martina akaruka, kipa naye akaruka. Waligongana juu kwa juu, na Martina akashuka vibaya, mguu umejikunja, kichwa kikapiga chini. Hakutikisika.

Kahawa niliyokuwa namimina ilinimwagikia vidoleni nisiisikie. Mtangazaji alikuwa amepaza sauti, sasa akaishusha, anaongea polepole, neno baada ya neno.

— Anasema nini? akauliza mzee Nyanda.

Tukatazamana. Kituruki hakuna anayekijua.

— Nimesikia sakat, akasema Antena. Amelisema mara mbili. Anasakata! Ndiyo, anasema ataendelea kusakata kabumbu.

— Nyamaza wewe! Kamusi alikuwa amesimama, kidole juu. Amesema kalbi. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Kalbu, moyo! Sisi na Waturuki maneno tumeyachota kisima kimoja, Kiarabu.

— Moyo umefanya nini?

— Ndiyo ninachokisikiliza. Moyo... doktor... mmesikia doktor?

— Doktor tumesikia wote, akasema Katiba. Kwa utaratibu, daktari akitajwa baada ya moyo, hapo jambo limekuwa zito.

— Lakini sakat je? Antena akang'ang'ania. Mtu wa moyo anasakataje?

Kamusi akageuka rangi.

— Siyo sakata. Inna lillahi! Ni sakarati. Sakaratulmauti, kukata roho.

Mzee Nyanda aliteleza kwenye benchi akakaa chini mchangani, na koti lake lile. Tukamvamia, huyu anampepea kwa kofia, huyu anamfungua vifungo, Antena anamfokea Kamusi, Kamusi anaapa kwa msahafu. Tulipokumbuka kuitazama simu, uwanja haukuwepo. Kuna maandishi tu, hayapatikani katika nchi yenu.

— Nilisema mimi, akasema Katiba. Bandu bandu huisha gogo.

— Bando lipo! Ni VPN ya bure imekatika! Antena anabonyeza bendera moja baada ya nyingine. Duara linazunguka tu.

Hapo ndipo alipofika mama Martina, Efrazia, anatoka sokoni kuuza maziwa, amekuja kumpitia mumewe. Akamkuta chini. Tukamweleza, kila mtu na kipande chake. Hakulia. Akauliza neno moja.

— Ameinuka?

Antena akainamia simu yake.

— Ametoka kwa miguu yake au kabebwa? Macho yalikuwa wazi?

— Mama, picha ilikatika, nikasema.

— Kabla haijakatika, mlikuwa wangapi hapa?

— Watano.

— Wote mna macho.

Akaketi pale mchangani karibu na mumewe, akatoa simu yake ndogo, akaanza kumpigia Martina. Haikupokelewa. Akapiga tena. Hakuna aliyeagiza kahawa. Kamusi alipotaka kuanza dua, mama alimwinulia kiganja tu, naye akaiomba kimoyomoyo.

Jua lilikuwa limelegea upande wa Mlandizi simu ile ilipoita. Namba ndefu, haijulikani. Mama akaweka sauti ya nje.

— Mama? Ni mimi. Naona umenipigia mara nyingi, simu yangu ilikuwa kabatini. Hii ni ya daktari wa timu, yangu imeishiwa salio.

Mzee Nyanda alitoa sauti ambayo sijui niiiteje.

— Moyo wako, mwanangu! Moyo!

— Moyo una nini, baba? Mimi ni majeruhi tu, sakat wanavyosema huku: kifundo cha mguu kimeteguka, na nilizimia kidogo. Wameshanifunga, hapa nakula wali.

Antena akamgeukia Kamusi. Kamusi alikuwa anakagua kamba za makubazi yake.

— Sasa tulieni, akaendelea Martina, na kwa sauti yake anatabasamu. Mama aliniambia asubuhi kwamba leo mnaniangalia. Ndiyo maana nilipozinduka kwenye machela niliitafuta kamera. Nikawapungia mkono msiogope, nikapunga mpaka wananiingiza mlangoni. Watu wakadhani nawapungia wao, uwanja mzima ukasimama kunipigia makofi. Baba, uliniona?

Mzee Nyanda alimtazama Antena. Akamtazama Kamusi, akamtazama Katiba, halafu akanitazama mimi.

— Haloo? Baba? Uliniona?