Foleni ya Nguzo ya Taa

Kwenye kona ya Tanner Street, mjini Ramsclough, pana benchi la chuma ambalo halmashauri ililikaza chini kwa boliti nne ili lisiibwe. Wangejua, wangewakaza wanaolikalia, maana hao ndio hawang'oki, jua liwake au mvua inyeshe, na jua huku Lancashire ni hadithi ya kulazia watoto. Wenye benchi ni wawili. Wa kwanza Clifford Ormerod, aitwaye Spana, fundi mstaafu wa mabasi, anayekwenda hata mazikoni na spana mfukoni. Wa pili Wilf Hesketh, aitwaye Waziri, kwa kuwa hakuna siri ya serikali asiyoijua, na hakuna aliyoijua ikawa kweli. Chai wanauziwa na Bi Maureen kwenye dirisha la kibanda chake, ya maziwa, nzito hata kijiko kinasimama. Basi Jumanne hiyo Spana alifika akakuta jambo. Kando ya ukuta wa duka la kufulia walisimama vijana watatu, mmoja nyuma ya mwingine, kofia za makoti zimewafunika nyuso, karibu na nguzo ya taa iliyofungwa kisanduku cheupe wiki iliyopita. Nyuma yao Bi Entwistle na kigari chake cha sokoni. Nyuma ya Bi Entwistle, muuza nyama. Hakuna aliyeuliza. Mtu wa Ramsclough akiona foleni huingia kwanza. Kuuliza ni kukosa malezi.

— Umeiona ile? — Spana akauliza, akikaa.

— Tangu saa tatu, — Waziri akachovya biskuti kwenye chai. — Viazi vya bure. Halmashauri imetukumbuka.

— Magunia yako wapi?

— Yatakuja. Mvumilivu hula mbivu.

— Kiazi kibivu umekiona wapi wewe?

Bi Maureen akachomoza kichwa dirishani.

— Mimi nilisikia halmashauri imewanunulia vijana kompyuta. Wale wa maghorofa ya juu, wasio na kitu. Zile za kubeba kwapani.

— Nani kakwambia?

— Mwanangu. Ilitangazwa kwenye intaneti.

Spana akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali.

— Kwangu mimi intaneti haikanyagi! Keeley, mjukuu wangu, kila siku wimbo ni huohuo: babu tuvute waya, babu tuvute waya. Nikamwambia, mabasi mia nne nimeyafungua tumbo nikayafunga, na sikuuliza waya wa mtu. Leo tena kaamka na mambo yake, sijui ana nini saa tano.

— Ana nini?

— Nitajuaje? Nilikuwa nakaanga soseji.

Foleni ilikuwa imefika watu tisa. Mpeleka barua naye akasimama, mfuko begani.

— Hata posta wamo, — Waziri akasema, sauti imeanza kumpungua. — Basi si viazi. Na kile kisanduku je? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kiko juu ya nguzo, Waziri.

— Basi sharti arefuke!

Spana akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti kama mtu anayeuza saa ya wizi.

— Nisikilizeni. Kile ni kipimo. Kinahesabu vichwa. Wanachora mpaka upya, na mtaa huu unapelekwa Yorkshire, kwa mahasimu wetu wa jadi.

Kijiko kikamdondoka Bi Maureen.

— Mungu apishie mbali!

— Aliye kwenye foleni atabaki Lancashire. Aliyekaa benchini, kesho anaamka Yorkshire, analazimishwa kuishangilia timu yao ya kriketi.

— Acha kamba, Spana! — Waziri akasema. — Siamini.

— Kamba? Wale vijana wamewahi kwa nini? Wametangaziwa huko huko kwenye intaneti, sisi tumeachwa tulale. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

Akanyanyuka na kikombe chake, akaenda kupanga foleni. Waziri, aliyesema haamini, alimfuata mbio hata akasahau biskuti. Bi Maureen akaja na aproni yake na birika mkononi. Ilipokaribia saa tano, walikuwa watu kumi na tisa, na foleni haijasogea hata unyayo.

— Huko mbele wamekufa? — mtu akanung'unika.

Spana aliwahi kuamrisha gereji nzima. Akavuta pumzi.

— Nyie wa mbele! Songeni hatua mbili! Huku nyuma kuna watu wazima, magoti yanaota kutu!

Kijana wa kwanza, kwa adabu, akasogea hatua mbili. Mara akapiga ukelele, akageuka, kofia ikamtoka kichwani. Hakuwa kijana wa watu. Alikuwa Keeley, kompyuta mikononi, macho yamejaa maji.

— Babu! Umenitoa kwenye mtandao!

— We! Keeley? Wewe ndiye wa kwanza hapa?

— Hii si foleni! Kile kisanduku ni intaneti ya halmashauri, ya bure, kwa sisi tusio nayo nyumbani. Lakini inashika hapa tu, kutoka bomba lile la mvua ukutani hadi dirisha la duka la kufulia, ndiyo maana tunasimama mstari. Nina usaili saa tano. Karakana ya treni, mafunzo ya ufundi, na nafasi ni moja. Zimebaki dakika nne!

— Mbona hukuniambia, mwanangu?

— Nilikwambia. Uliweka masikio kwenye soseji.

Foleni nzima ikarudi nyuma kwa utaratibu, kila mtu akimwomba radhi aliye nyuma yake, samahani kumi na nane mfululizo. Hakuna aliyetoka. Keeley akarudi mahali pake, lakini kompyuta ilikuwa mikononi tu, haina pa kuegemea, picha kwenye kioo ikicheza kama mashua.

— Anahitaji kukaa, — Bi Entwistle akasema.

Spana akaligeukia benchi. Akaingiza mkono mfukoni.

— Hapana, Spana! — Waziri akaruka. — Hiyo ni mali ya halmashauri!

— Na hiyo kompyuta ni ya nani? Mali inakwenda kuonana na ndugu yake.

Boliti tatu zilitii. Ya nne ilikuwa imeoana na kutu. Spana hakuilazimisha, alimwashiria Bi Maureen, naye akaimiminia chai yote iliyobaki kwenye birika, ya moto inayochemka. Ikalia kidogo, ikafunguka. Wakalibeba benchi watu sita, wakalitua kando ya bomba. Keeley akakaa. Babu yake akamshikia mwavuli. Saa tano kamili kioo kikawaka, mama mwenye miwani akatokea.

Aliuliza mengi. Foleni yote ikabana pumzi.

— Boliti iliyokwama utaifanyaje? — yule mama akauliza.

— Siilazimishi. Naipasha moto kwanza, — Keeley akajibu. — Nimemwona babu akifanya. Sasa hivi.

Spana akamsogezea mwavuli. Yule mama akaandika, kisha akasogeza miwani, akakodoa macho nyuma ya Keeley.

— Samahani. Hao watu wote hapo nyuma wanangoja nini?

Waziri akatazama viatu vyake. Wote wakamgeukia Spana, ambaye tangu asubuhi alikuwa na jibu hata la mipaka. Akaitazama nguzo ya taa.

— Hawajui, — Keeley akasema. — Lakini hawaondoki.

Usaili ulipokwisha, akafunga kompyuta.

— Watajibu Ijumaa.

— Basi tutangoja, — Bi Entwistle akasema, akikaza kitambaa kichwani. — Ila nani alikuwa mbele yangu?

Spana akakohoa, akasogea sikioni mwa mjukuu wake.

— Keeley. Huo waya wa nyumbani, mtu anauombea wapi?

— Kwenye intaneti, babu.

Spana akautazama ukuta, akaitazama foleni kutoka kichwa hadi mkia. Kisha akakunja mwavuli, akaenda taratibu mpaka nyuma kabisa, akapanga foleni, safari hii akijua anangoja nini.