Mashine Iliyopima Watoto

Mbele ya kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi, pale barabara inapogeuka kuelekea kiwanda cha kusafishia mawe ya shaba, palikuwa na benchi lisilo na mwenyewe. Kikalio chake kilikuwa kipande cha mpira mweusi mpana, ule unaobeba mawe mchana na usiku ndani ya kiwanda. Namna kilivyotoka huko hakuna aliyeuliza, na waliokikalia ndio waliokuwa na sababu nzuri zaidi za kutouliza. Zamu ya asubuhi ilipotoka, wanaume walikuja hapo kunywa kahawa ya Mama Angèle. Ilikuwa miaka ile majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku na kila mtu akaamriwa kuitwa sitwayen, yaani raia, kwa hiyo benchi liliishi kwa majina ya utani, ambayo serikali ilikuwa haijayafikia. Kati ya watu wazima, Mama Angèle peke yake alibaki Angèle hadharani, kwa kuwa hata watu wa chama walipenda mikate yake ikiwa ya moto.

Siku hiyo Damas, ambaye benchi lilimwita Mapovu, alifika akiwa wa mwisho. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuyatazama mapipa ambamo povu huinua shaba na kuliacha tope chini, na miaka mingi ya kazi hiyo ilikuwa imempa macho ya mtu anayengoja kitu kipande juu. Alipokea kikombe, akakitazama.

— Ba Mapovu, unakunywa ao unangojea shaba itoke mule?

Aliyesema ni Germain, fundi umeme, kwa jina la benchi Volti.

— Nitakunywa.

— Muntu akisema "nitakunywa" na sura kama ile, kuko maiti ku nyumba.

— Hakuna maiti. Ni mutoto wangu, Émérence. Mashine imesema haendelee. Maendeleo, zero.

Benchi likavua kofia, kwa heshima, halafu likasogea karibu, kwa hamu.

Shule ya msingi ya kambi ilikuwa imeletewa heshima kubwa mwaka huo. Katika ofisi zake za mbali, kampuni ilikuwa na ordinateri, mashine yenye ukubwa wa makabati matatu, na ndani yake programu iliyohesabu kazi ya kiwanda: jiwe limeingia na shaba kiasi gani, limetoka na kiasi gani, kiwanda kimeongeza nini katikati. Mhandisi mmoja kijana, aliyetoka kusoma juzi na bado hajachoka, akaona kwamba mtoto naye huingia shuleni na hutoka shuleni. Akaigeuza programu kidogo, ihesabu shule imemwongezea kila mtoto nini tangu aingie. Walimu wakatoboa matundu ya pointi kwenye kadi, kadi zikapanda gari moshi, na majibu yakarudi kwenye karatasi ndefu zenye mistari ya kijani. Watoto wa mwaka wa sita waliopanda wangeingia sekondari ya kampuni. Ambao hawakupanda waliandikiwa neno moja, rejet, neno lile lile ambalo kiwanda hulitumia kuita tope linalotupwa bwawani. Wasichana wa rejet walipangiwa nyumba ya ushonaji. Baba alitakiwa kutia saini kwamba amekubali, na saini ya Damas ilingojwa kesho kabla ya kengele ya asubuhi.

— Na Alexis wako? aliuliza Mapovu, ingawa kambi nzima ilikwisha kujua.

Volti aliweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili ya kusemea.

— Mia tatu! Maendeleo mia tatu kwa mia! Direkteri alimushika mukono mbele ya batoto bote.

— Ni ule Alexis alirudilia mwaka wa pili mara mbili? aliuliza Mama Angèle kutoka kwenye jiko lake.

— Njo ule. Mashine iliona ile macho ya bantu ilishindwa kuona.

— Ata weye baba yake ulishindwa kuona?

— Minye nilikuwa naona, Mama. Nilikuwa nanyamaza.

Mapovu hakucheka. Jana usiku alikuwa amemwita Émérence akamuuliza kwa sauti ya juu kama alikuwa analala ku masomo. Msichana aliendelea kuosha sahani, moja moja, kama mtu anayeosha sahani za watu wengine. Mama yake, Hélène, tangu saa ile alisemea vyungu tu, akivisogeza kwa kelele. Mapovu hakuwa baba mbaya. Alikuwa amekuja pale kutafuta mtu wa kumwambia atie saini, au mtu wa kumwambia asitie, na angemshukuru yeyote atakayetangulia.

— Pengine mashine ilikosea, alisema.

— Haikosee, alisema Volti. Inakula kuran ya umeme tu. Sikilizeni, minye niko mu umeme. Kuran inatoka ku bwawa ya Mwadingusha. Sasa ni kiangazi, maji ya muto Lufira iko chini. Maji ikiwa chini, kuran inakuwa nyembamba. Kuran ikiwa nyembamba, mashine inahesabu nyembamba. Émérence alipita siku ya kuran nyembamba. Ni ile tu.

— Na Alexis?

— Alexis alipita kuran ya kutosha.

— Bote babili bako mu kalasi moja, Volti. Kadi yao ilienda siku moja.

— Siku moja, ndiyo. Lakini saa ile ile?

Hapo Komunike alikohoa. Huyu alikuwa Édouard, karani mstaafu, ambaye hakuvua abakosti yake, lile koti la chama lisilovaliwa tai, hata kwenye jua la saa nane, na ambaye hakuanza sentensi bila kuitangaza.

— Sitwayen na sitwayene! Habari ya kuran ni habari ya batoto. Mashine ile iko na kazi ingine. Ule mutoto wako, siku ya kucheza ngoma ya chama ku kiwanja, alichezaka?

— Alicheza.

— Alicheza na mwili muzima, ao alicheza na mabega tu?

Mapovu alijaribu kukumbuka. Alimwona Émérence katika mstari wa pili, mikono juu, midomo ikifunguka na kufungika.

— Nazani... na mabega.

— Voilà, alisema Komunike, akageuka kutazama nyuma yake, kwa kuwa hata yeye aliogopa masikio ya barabara. Mashine inapima mapenzi ya chama. Calcul na dictée, ile hesabu na imla, ni kifuniko. Mutoto wa mia tatu kwa mia ni ule anarukaka mupaka vumbi inapanda. Sema kama ni uongo, Volti, Alexis harukake?

— Anaruka, alikubali Volti kwa fahari. Alivunjaka mulango wa jirani.

— Basi.

Mama Angèle aliongeza kahawa. Ilikuwa nyepesi sasa, rangi ya maji ya mto baada ya mvua, lakini mjadala ulikuwa umeshapata moto wake mwenyewe.

— Ba Komunike, hapana, alisema Volti, ambaye hakupenda maendeleo ya mwanawe yageuzwe kuwa miguu. Minye niliingiaka mu ile ofisi, mwaka jana, kutengeneza waya. Nitabaambia kitu. Ile chumba ya mashine ni baridi! Baridi kama kilima ya Ulaya. Wanaweka kifaa ya kuleta baridi mchana na usiku. Sasa minye nauliza: chuma inasikiaka joto?

— Haisikie.

— Nani anasikiaka joto?

Volti aliinama karibu nao.

— Muzungu, alisema Volti polepole. Mule ndani ya kabati muko muzungu mumoja. Wenzake walirudi kwao, yeye alikatala. Walimufungia mule na karatasi. Kadi inaingia, anaisoma, anaandika. Juu ya nini jawabu inakawia wiki mbili? Mashine ya kweli ingejibu leo leo. Ile ni muntu. Anazeeka. Anachoka.

— Anakula nini? aliuliza Mama Angèle.

— Umeona panya ku ofisi ya kampuni?

— Hapana.

— Basi.

Mapovu alicheka kidogo, halafu akajuta kucheka. Ukweli ni kwamba yeye aliiamini mashine kuliko wote waliokaa pale. Kiwandani alikuwa akizisoma hesabu zake za kazi zilizorudi kwa gari moshi, na hesabu zile hazikumdanganya hata mara moja.

— Bandugu, minye nafanyaka nayo kazi, alisema. Jiwe ikiingia maskini, ikatoka tajiri, mashine inasema kazi ilifanyika. Jiwe ikitoka vile vile iliingia, inasema mapipa ililala. Ni hesabu, haina muzungu. Sasa mutoto wangu alitoka vile aliingia. Donc, basi, alilala. Ao mwalimu alilala. Muntu mumoja alilala, na minye nilikuwa nalipa kiatu.

— Na utatia signature? aliuliza Volti.

— Njo ile nauliza.

— Tia! alisema Komunike, akiinuka nusu. Tia haraka, ushukuru! Sitwayen, fungueni masikio. Shaba yetu, bazungu banainunua ingali mu udongo, sivyo? Hawajaiona, hawajaishika, tayari imeuzwa. Sasa ile bei ya shaba inaanguka, banatafuta kitu ingine ya kununua. Banatafuta akili, ingali mu mutoto! Mashine inapima, inaandika: huyu mia mbili, huyu mia tatu. Kisha siku moja ndege inakuya usiku. Ba mia tatu banapanda. Ba rejet banabakia na bamama yao. Ba Mapovu, mutoto wako ameokoka! Ashone nguo, azeeke hapa hapa Likasi.

Volti alimshika Komunike mkono wa abakosti.

— Ndege gani?

— Sijatangaziwa bado.

— Ba Komunike, ndege gani?

— Weye ulifurahia mia tatu. Beba mia tatu yako.

Ndipo mwanamke aliyekuwa ameketi juu ya kifurushi chake kando ya jiko, Clémentine, mke wa mjomba wa Mama Angèle, aliyefika kutoka Kakanda saa ile akingojea lori la kumpeleka mbele, alipofuta makombo ya mkate kwenye kitenge chake. Alikuwa amesikiliza kwa adabu ya mgeni. Alidhani amepitwa na sehemu moja ya habari, ile ya mwanzo.

— Munisamehe, ba papa. Ule mutoto wa kike, alianzaka na ngapi?

— Ngapi ya nini, Mama?

— Pointi. Mashine inasema hakupanda. Alikuwa wapi, ule mutoto, mbele ya kutopanda?

Volti alimhurumia.

— Mama, mashine hapana kuuliza vile.

— Minye sikuuliza mashine. Niliuliza baba yake.

Wote walimgeukia Mapovu. Jiwe la Kakanda, la kwao mwanamke huyu, lililoingia kiwandani jana, angeweza kumtajia utajiri wake mpaka nukta ya pili. La wiki iliyotangulia pia. Alijua pipa la nne lilipanda mpaka wapi siku ile bomba lilipoziba, na mwaka gani. Alitafuta ndani yake namba ya Émérence, namba yoyote, ya mwaka wowote. Alikuta sauti ya kalamu yake ikitia saini kwenye bulletin, ripoti ya shule, na kichwa cha msichana kikingoja kando ya mkono wake.

— Anasomaka muzuri, alisema.

— Muzuri ngapi?

Volti alianza kuhesabu kitu kwa vidole vyake, pengine pointi za Alexis za mwaka wa kwanza: namba ndogo ile ambayo ukiizidisha mara nne inakuwa bado ndogo. Alifika mahali, akaficha mkono mfukoni. Komunike alisema kwamba kwa swali kama lile ilifaa iundwe kamati. Mama Angèle alishika birika bila kumimina.

Mapovu aliacha kikombe chake kwenye mpira wa benchi, akaondoka bila kuaga.

Alimkuta Émérence uani anapiga pasi nguo ya kazi ya baba yake, ile ya bluu, pasi ya makaa ikipanda na kushuka juu ya shati kama kwamba ndani yake bado kulikuwa na mgongo wa mtu. Alisimama mbele yake.

— Mwaka wa kwanza ulipataka ngapi kwa mia?

Msichana hakuinua kichwa.

— Makumi tisa na mbili.

— Na mwaka huu?

— Makumi tisa na mbili.

— Na mu katikati?

— Ile ile, Papa. Mwaka mumoja ilikuwa makumi tisa na tatu, kisha nikagonjwa. Alinyoosha mkono wa shati, akaukunja, akaongeza: Si weye njo ulikuwa unatia signature ku bulletin?

Hakusema kwa ukali. Ndani, Hélène aliacha kusogeza vyungu.

— Ile karatasi ya direkteri, alisema Émérence, nikuletee bic ya kutia signature?

— Hapana. Niletee bulletin.

— Ya mwaka gani?

— Yote.

Aliisimamisha pasi, akamtazama baba yake kama mtu anayetazama mgeni aliyetaja jina lake. Halafu akaingia ndani kuzitoa chini ya godoro la mama yake, mahali ambapo kila mtu mwingine wa nyumba ile alijua siku zote kwamba ziko.